Sakafu ya Chumba cha Tano

Romanus alipiga kisigino sakafuni mara tatu ili Mwalimu Vitalia asikie mwenyewe jinsi saruji ilivyoshiba, na sakafu ikamjibu mara tatu, kutoka chini.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Romanus alikuwa ameizunguka nchi, Tanga, Mtwara, Dodoma, akiwa mtunza ghala wa ushirika, akarudi Mbinga na sanduku lilelile na ulimi mrefu zaidi. Alicheka, akasema hilo ni bomba la maji. Dakika mbili kabla ya hapo mwalimu alikuwa amemuuliza maji yanachotwa wapi, naye akamwonyesha mto kule bondeni, mwendo wa robo saa.

Vitalia alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili majibu ya jirani pamoja na jina la jirani. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na vyumba vya kupanga vilikuwa vya kugombania. Akachukua funguo. Nyumbani, Romanus alijitania mbele ya mkewe Lukresia kwamba sasa amekuwa tajiri, anamiliki bomba lisilo na maji. Lukresia aliendelea kuchambua maharage.

"Panya hawapigi hodi, baba Beatha," alisema.

Nyumba ile aliinunua baada ya soko la kahawa kufunguliwa, wanunuzi binafsi walipojaa Mbinga na malori na mizani zao, na kila mwenye miche mia mbili akaanza kuota bati. Ushirika ulimpunguza kazini, ukampa kiinua mgongo ambacho hakikumwinua hata bega. Akamshawishi Lukresia auze shamba la kahawa aliloachiwa na baba yake kule Ukata. Kahawa huugua, alimwambia, nyumba haiugui. Wapangaji wangelipa kodi, na baada ya miaka mitatu wangelinunua tena shamba, na miche zaidi. Lukresia alikubali kwa sharti hilo hilo: shamba la baba yake lirudi. Alilisema mara moja, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Romanus alikuwa na kanuni za ununuzi wa nyumba, na alizigawa bila kuombwa, vilabuni, misibani, hata nje ya kanisa watu wakisubiri misa ya pili. Hesabu bati kabla ya kutazama ukuta. Pima kwa hatua mpaka barabarani. Nenda kukagua kiangazi usichafue viatu. Na ile aliyojivunia kuliko zote: usisalimiane na majirani wa nyumba unayoitaka, maana salamu huzaa maneno, na maneno hupandisha bei. Mjinga wa kawaida angalau husita. Mjinga mwenye kanuni hasiti.

Aliyemuuzia ni Jonas, kijana mwenye haraka ya kuhamia Songea na viatu ambavyo kahawa ya mwaka mmoja isingevilipa. Karatasi waliandikiana hotelini, mashahidi wakiwa watu wawili walioitwa kwa chai na maandazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha saruji kilichosuguliwa vizuri, urefu wa mtu na ziada kidogo. Jonas alisema ni pa kuanikia kahawa. Romanus alikuwa amepokea kahawa za watu kwa miaka kumi na minane. Alijua fika kwamba kahawa huanikwa juu ya vichanja, na kwamba pale pasingetosha hata debe mbili. Lakini furaha ya kupata kitu cha bure humpofusha hata mtunza ghala. Akaongeza saruji pembeni, akainua kuta nne, akaezeka, akakiita chumba cha tano.

Wiki ya pili Vitalia alirudi kutoka shuleni saa tisa mchana, akafungua mlango, akapigwa na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Harufu hiyo kila mtu wa Mbinga anaijua, ni ya mwezi wa saba na wa nane, wakati wa kumenya. Huo ulikuwa mwezi wa pili, kahawa ingali mbichi mitini. Kesho yake alikuta kitanda kimesukumwa mpaka ukutani na katikati ya chumba pamefagiliwa. Siku ya tatu alikuta kitanda kimesimamishwa nyuma ya mlango, na chini ya sakafu akasikia kitu kama kiganja kikavu kinachopapasa, sha, sha, sha, bila haraka, kama mtu anayegeuza kahawa ili ikauke pande zote.

Hakupiga kelele. Alimfuata Romanus, akamwamkia, akamwekea funguo mkononi.

"Baba, mle ndani kuna mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Na hakipendi kitanda changu."

Karani wa mahakama aliyepanga chumba cha nne, mtu wa Tanga, alisema kwao wanamfahamu jini kwa harufu, na hakungoja harufu hiyo ifike chumbani kwake. Jioni hiyo hiyo vitu vyake vilikuwa juu ya mkokoteni. Mpaka Pasaka nyumba nzima ilikuwa tupu. Romanus alitangaza kwamba wapangaji wa siku hizi wana hila, wanabuni mizimu ili wapunguziwe kodi, na kwamba yeye mwenyewe atalala mle mchana kweupe na kutoka na usingizi uliokwisha.

Aliingia saa nane mchana, siku ya ukungu na manyunyu, akajilaza juu ya mkeka. Mwanzoni alisikia manyunyu juu ya bati tu, akatabasamu, akaanza kutunga namna atakavyoisimulia hadithi hii kilabuni. Kisha harufu ikaja, kidogo kidogo, kutoka chini ya mkeka, tamu kisha kali kisha nzito, na ukungu ukaingia kupitia dirishani ukajaza chumba hata asiuone tena mlango, na katika ukungu ule akasikia pumzi ambayo kwanza aliidhani yake mwenyewe, mpaka alipobana ya kwake na ile nyingine ikaendelea, polepole, chini ya uti wa mgongo wake, imelala chali kama alivyolala yeye, kichwa chini ya kichwa chake na visigino chini ya visigino vyake, na saruji iliyokuwa baridi ikaanza kupata joto kama godoro lililotoka kulaliwa, na sauti ya mwanamke mzee, kwa Kimatengo cha watu wa zamani, ikamuuliza taratibu, kwa dharau ya mama mkwe:

"Bati ulihesabu?"

"Nilihesabu," alijibu Romanus, kabla hajafikiri anamjibu nani.

"Barabara ulipima?"

"Nilipima, mama."

"Na jirani, ulimsalimu?"

Watu waliokuwa barabarani walimwona mtunza ghala mstaafu akipita mbio na kiatu kimoja, na kwa kuwa hata hofu haikuweza kumnyamazisha, alikuwa anawaambia wote kwamba anawahi posta.

Lukresia ndiye aliyekwenda ng'ambo ya pili ya njia, kwa Bibi Kunigunda, aliyekaa pale miaka thelathini. Alipiga goti, akasema shikamoo, akasubiri mpaka akaribishwe kigoda. Ndipo akauliza kwa kunong'ona ni nani aliyelala pale nyuma. Kunigunda alijibu bila kuacha kuosha kikombe. Ni Restituta, mama yake Jonas, amezikwa huu mwaka wa tatu. Msalaba mwanawe aliung'oa wiki ileile wanunuzi wa nyumba walipoanza kuja, akauchoma kuni.

"Mbona hukutuambia, bibi?"

"Mumeo alipita mlangoni pangu mara nne akikagua nyumba," alisema mzee. "Mara nne, hata shikamoo. Nikasema, huyu anajua mambo yake."

Mganga waliyemwita ni Hildegardi wa Mbaha, mwanamke mnene wa pwani ya ziwa aliyepanda milima juu ya lori la dagaa na kushuka akilaani kona zote kwa majina. Aliingia chumba cha tano, Romanus na Lukresia wakimfuata, akakaa sakafuni, akaweka kiganja juu ya saruji kwa muda mrefu. Mfuko wa dawa hakuufungua.

"Majini huwa nayatoa," alisema. "Huyu si jini. Huyu yuko kwake. Mnataka nimtoe aende wapi?" Akaeleza linalotakiwa: chumba kibomolewe, msalaba urudishwe, misa isomwe, na yeye Romanus akawaamkie majirani wote, mlango kwa mlango, kama mtoto.

Romanus aliangalia kuta zake nne. Akasogea karibu na mganga, akainamisha kichwa, akashusha sauti. Kuna mnunuzi, alisema, tabibu wa Liuli, anaitwa Aloyce. Atakuja kuona nyumba Jumamosi. Ni mgeni wa mambo haya, na Romanus mwenyewe ameshamshauri asiongee na majirani.

"Mnyamazishe mpaka Jumamosi tu, mama. Siku tatu. Akishasaini, ni yake na huyu bibi. Shamba la mke wangu litarudi."

Hildegardi alimtazama kama mnunuzi amtazamavyo samaki aliyelala sokoni siku mbili. Na chini ya kiganja chake kile kipapaso, kilichokuwa hakijanyamaza tangu waingie, kikakoma. Pumzi nayo ikakoma. Harufu ilisimama pale pale katikati ya chumba, nzito, haiji wala haiendi, na wote watatu wakajua kwamba aliyelala chini amebana pumzi, anasikiliza, anataka kujua nyumba yake imeangukia watu wa namna gani.

Romanus aligeuka kumtafuta mkewe, maana shamba lilikuwa la kwake, na alikuwa na hakika kwamba angalau yeye atamwelewa. Lukresia alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa.

"Shamba limekwenda, baba Beatha," alisema. "Lete sululu."