Jina la Yadiel Ukutani

Kila siku baada ya shule Odalys alimchukua mdogo wake Yadiel kutoka darasa la kwanza, akampashia wali na maharage, kisha akakaa kwenye ngazi za nje na daftari lake la mistari. Katika mtaa ule wa Bronx kila mtoto alijiona rapa, lakini Odalys alikuwa na kipaji kweli, na alijijua. Jumamosi angepanda jukwaani kwenye sherehe ya mtaa, na miaka yake kumi na miwili tu.

"Hebu sikia hii," alimwambia rafiki yake Renita.

"Jina langu ukutani, mtaa mzima wanijua,
Bastola kiunoni, nani atanisumbua?"

Renita akaangua kicheko. "Bastola! Wewe si hata mende unamkimbia?"

"Watu ndivyo wanavyopenda. Ni maneno tu, bwana."

Yadiel alikuwa kando, anasikiliza. Tangu siku hiyo aliyarudia maneno yale akivaa viatu, akioga, hata usingizini. Wala hakuimba kwa furaha. Aliyatamka taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Odalys alipomwambia anyamaze, alimtazama tu, akaanza upya.

Ijumaa Odalys alitoka jikoni na sahani mkononi, akakuta mlango wazi. Yadiel hayupo. Mshumaa wa bibi yao nao haukuwa mahali pake mbele ya picha ya mtakatifu. Alishuka ngazi mbio. Nje palikuwa kimya ajabu. Hata spika za duka la kona zilikuwa zimezimwa. Kisha akaisikia ile sauti ndogo nyuma ya karakana: "Jina langu ukutani..."

Aliifuata hadi kwenye ukuta walikochorwa vijana wa mtaa waliouawa. Chini ya nyuso zile kubwa mshumaa ulikuwa unawaka, na juu yake palikuwa na herufi za chaki zilizopinda: YADIEL, 2013, kistari, kisha nafasi tupu.

"Unafanya nini hapa?"

"Najiweka na mastaa," Yadiel alijibu bila kugeuka. "Si umeimba wewe, dada? Nimebakiza mwaka wa pili. Niandike ngapi?"

Bi Lorraine, jirani yao aliyekuwa mwisho wa ukuta akipaka rangi upya uso wa mwanawe, alishuka kwenye ngazi yake, akampa Odalys kitambaa chenye maji.

"Futa mwenyewe."

Alifuta huku akilia. "Sikumaanisha hivi, Bi Lorraine."

"Najua. Huyu wangu naye aliimba hivyo hivyo, na mimi nilimpigia makofi."

Odalys aliichana karatasi ya wimbo ule kwenye daftari, akaandika upya hadi vidole vikamuuma. Jumamosi alishika kipaza sauti, akauacha wimbo wenyewe useme:

"Naingia sikioni, sibishi hodi mlangoni,
Chunga unachonipa nikipeleke moyoni."

Watu walishangilia. Yadiel alisimama mbele kabisa, hapepesi macho, na midomo yake tayari inafuata.

"Umemwona?" Bi Lorraine alimuuliza Odalys aliposhuka. "Ameshaushika. Rap imetulea wengi hapa, siikatai. Lakini wimbo haumuulizi mtoto umri wake kabla ya kumwingia. Basi wewe, mwanangu, jiulize kabla ya kuutoa."