Takbiri ya Tatu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari 1975, saa nane za mchana, mji wa Kismayo ukiwa umejilaza kwa jua kali, honi ya pikipiki ililia mara moja uani kwa Mohdhar. Mohdhar alikuwa fundi, akaijua sauti. Ilikuwa ya ile pikipiki kuukuu ya enzi za Mtaliani, ya mwanawe Nasrudin. Akajua pia kuwa haina betri. Aliitoa kwa mkono wake siku chache baada ya mashua ya Nasrudin kupinduka njia ya kisiwa cha Ngumi, maiti yake isionekane.

Barke, mkewe, alikuwa keshafika uani.

"Umesikia, Baba Nasrudin? Mwanangu hubisha hodi hivyo hivyo."

Mohdhar alimwambia ni waya tu, akashika kazi. Alipima waya mmoja mmoja kwa taa yake ndogo ya kupimia, akafungua swichi, fyuzi na dainamo. Shaba ilikuwa imeliwa na chumvi. Aliona hitilafu nyingi za kuizuia honi isilie. Ya kuiliza hakuona hata moja.

Kesho yake ililia tena.

Barke akaanza kupakua sahani ya tatu, akaiweka kando ya tairi la mbele. Sahani ilikutwa tupu, imelowa maji ya chumvi, na ua ukanuka mwani uliooza. Yeye mwenyewe hakula tena. Alikonda, naye akizidi kucheka. Mohdhar akaukata waya wa honi kwa koleo, na honi ikalia naye ameshika ncha zote mbili, kisha taa kubwa ikawaka mchana kweupe, usukani ukageuka polepole kumfuata Barke akivuka ua, na fundi mzima akakimbilia ndani kama mtoto.

Mwalimu Idarus alipoitwa, alifukiza ubani, akauliza jambo moja: je, kijana ameswaliwa? Mohdhar akainamisha kichwa. Hakuswaliwa. Barke alikataa, akisema aliye hai haswaliwi, naye Mohdhar kwa kumhurumia akawarudisha watu wa msikitini.

"Huyo si mchu, si binadamu, Mohdhar," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini wa baharini. Ameona nafasi ya mwanao iko wazi, akaketi. Kesho alasiri tumswalie mwanao sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Nafasi ikifungwa, atatoka."

"Na mke wangu?"

"Asiachwe peke yake."

Kesho yake Mohdhar aling'oa plagi ya injini, akaitia mfukoni, akamwacha Barke mikononi mwa dada yake, Mwanasiti. Safu zikapangwa. Ilipofika takbiri ya tatu, pale maiti anapoombewa, injini iliwaka mtaani, ikaja ikinguruma hadi chini ya dirisha la msikiti, na juu yake kikasikika kicheko cha Barke, kile cha siku Nasrudin alipompakia kwa mara ya kwanza, na Mohdhar, mikono ameifunga kifuani, plagi ikimchoma pajani, akajua kuwa akiikata sala nafasi itabaki wazi, na akiimaliza mkewe atakuwa keshafika mbali, naye akaendelea kumwombea mwanawe huku ngurumo ikiteremka kuelekea ufukweni, ikififia, ikizama.

Alipotoa salamu ndipo akakimbia.

Mwanasiti alikuwa kizingitini, mikono imevilia damu. Alisema alimshika kwa nguvu zake zote, Barke akamwambia tu, "Niache, dada. Mwanangu amenijia." Pikipiki waliikuta imelala mawimbini. Barke hakuonekana.

Honi haikulia tena. Jini alitoka, kama Mwalimu alivyosema. Hakutoka mikono mitupu.

Safu zile zile zilisimama tena, na safari hii hakuna aliyekataa. Mohdhar aliomba kwa lugha ya nyumbani, taratibu, watu wakimwitikia: Ewe Mola, wasamehe Nasrudin na mama yake. Warehemu. Bahari iliyokuwa kaburi lao uifanye pana, uitie nuru, na usiwatenganishe humo. Amin.