Kachina Arobaini Ndani ya Nailoni

Mimi si mwongo, ingawa Liuhua nzima, mtaa wetu wa biashara Guangzhou, watakwambia vingine. Jumanne ile ya mwaka 1998 nilikuwa nakunywa chai chumbani kwetu, ghorofa ya saba, jua la mchana linachoma dirishani. Binamu yangu Adrian, wa Mwanza, alikuwa anafunga mzigo.

Mzigo gani? Vinyago! Mzee mmoja wa kabila la Wahopi, kutoka Marekani, alifikia hoteli yetu, akatuonyesha kimoja cha mti.

"Huyu ni kachina," akasema. "Mfano wa roho wanaotusaidia. Kwetu ni jangwa, wao hutuletea mvua, maharage yetu yakaota. Hiki ni cha mjukuu wangu wa kike. Hakiuzwi."

Adrian akakipiga picha kwa siri, akampelekea laoban mmoja, bosi mwenye karakana ya mbao. Wiki mbili tu, vinyago arobaini. Mshenzi yule!

Sasa, mfanyabiashara wa Guangzhou haogopi kitu kama mzigo kulowa. Adrian akavifunga nailoni tabaka tatu, akatia vipakiti vya kukausha unyevu, akazungushia selotepu mpaka robota likawa gumu kama jiwe.

"Waleta mvua unawazuia maji?" nikafoka. "Wafungue, mpumbavu wewe!"

"Kaka, wewe wa darasa la nne utanifundisha kufunga mzigo?" Akacheka, akalikalia robota.

Nailoni ikaanza kutota. Kwa ndani.

Adrian akakohoa. Akatema maji. Safi. Ya baridi.

"Toka nikate!"

"Usiguse," akanong'ona. "Vitalowa."

Nikamzaba kofi. Ndiyo, nilimzaba, na ningemwongeza! Akalikumbatia robota. Akatema tena. Ndani kitu kikagonga. Mara nne. Polepole. Nikamvuta miguu, hakusogea. Macho yake yakajaa maji mpaka ukingoni, kama bilauri.

Nikaichana nailoni kwa kisu. Nilichelewa.

Daktari akasema amekufa maji. Ghorofa ya saba, sakafu kavu! Mkewe Felisia akaniuliza kwenye simu, "Shemeji, mto gani?" Mpaka leo nina hasira na marehemu: mtu anakufa akilinda mbao za wizi!

Tulipokuwa tunamvalisha suti, mdomo ukafunguka. Chini ya ulimi palikuwa na mche wa maharage. Majani mawili, mabichi.

Nikaung'oa. Kabla sijamaliza vifungo vya shati, ukachomoza mwingine.