Galaksi Kubwa na Jembe Dogo

Kila asubuhi Swaumu aliteka maji, akafagia uwanja, akampikia bibi yake uji, kisha akakimbilia shule. Alikuwa darasa la sita katika kijiji kipya cha ujamaa huko Chole, Kisarawe. Familia yake ilihamishiwa pale wakati wa Operesheni Vijiji, kutoka kitongoji kidogo cha Mitondooni. Nyumba za huko zilibomolewa, na pori likaota lilivyotaka.

Wenyeji waliwaita wahamiaji "walioletwa", na jina hilo lilimchoma Swaumu. Basi alimwambia rafiki yake Biasha kwamba yeye ni mzaliwa wa palepale. Siku zilivyopita, uongo ule akauzoea.

Mwezi wa Shaaban ulipokaribia kwisha, Bibi Mwanahalima alimwomba waende Mitondooni kupalilia makaburi, kama walivyofanya kila mwaka kabla ya Ramadhani walipokuwa wakiishi huko. Njia ilipita mbele ya nyumba ya kina Biasha. Swaumu akaogopa kuumbuka, akasingizia kwamba baada ya masomo atakuwa na kazi katika shamba la shule.

"Haya, mjukuu wangu," alisema bibi. "Nitakwenda taratibu."

Siku hiyo Mwalimu Mbaraka alikuja na kitabu alichoazima maktaba ya Kibaha. Aliwaeleza wanafunzi kwamba galaksi ni mkusanyiko wa nyota nyingi zisizohesabika, na kwamba galaksi nazo hukaa kwa makundi. Katikati ya kundi mara nyingi huwa na moja kubwa kupita zote. Akamwaga mahindi mezani kwa mafungu, akayasogeza madogo moja moja hadi fungu la katikati likawa kubwa kweli. Galaksi ile, alisema, haikuanza na ukubwa huo. Imekua kwa kuzivuta ndogo na kuzimeza, kwa muda mrefu mno.

Swaumu alinyoosha mkono. "Zile ndogo, mwalimu, zimekufa?"

"Nyota zake bado zinawaka, humohumo ndani ya kubwa. Nyingine zilichomoka wakati wa kumezwa, zikabaki zinatangatanga, hazina kwao. Na wataalamu wakichunguza vizuri, mara nyingine hukiona kiini cha ile iliyomezwa, bado hakijayeyuka."

Mwalimu aliendelea, lakini Swaumu hakumsikia tena. Alikuwa akimuwaza bibi yake, peke yake kule porini.

Bibi alirudi jioni amechoka, anakohoa. Kifua kilikuwa kikimsumbua siku nyingi. Matano, baba yake Swaumu, alimpeleka zahanati, lakini homa ilikataa kushuka. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, bibi akafariki. Alikuwa ameusia azikwe Mitondooni, kando ya mumewe.

Wanaume waliporudi mazikoni, Matano alimwita binti yake. Alimwambia kwamba makaburi yote waliyakuta yamepaliliwa, hata ya watu ambao jamaa zao hawakwenda. Kisha akampa jembe dogo, safi, ambalo halijagusa udongo.

"Nimelikuta kando ya kaburi la babu yako," alisema. "Bibi alikubebea na la kwako."

Swaumu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwalimu Mbaraka alipokuja na wanafunzi kutoa pole, Swaumu alieleza yote, Biasha akisikia.

"Bibi yako alikuwa mzee na mgonjwa. Hukumuua wewe," alisema mwalimu. "Lakini alikuhitaji, ukamdanganya, na sasa huna wa kumwomba radhi. Jitahidi lisikutokee tena kwa mtu mwingine. Kijiji hiki ni kikubwa kwa sababu ya Mitondooni na vitongoji vingine kama hicho. Sema ukweli wa ulikotoka, wala usione haya."

Shaaban iliyofuata, Swaumu alipita mchana kweupe mbele ya nyumba ya kina Biasha, jembe begani. Biasha alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwetu, Mitondooni," alijibu.

Alipalilia kaburi la bibi kwanza, kisha makaburi ya wengine wote. Siku hiyo jembe lile liligusa udongo kwa mara ya kwanza.