Mlango wa Kaskazini

Haya yalimpata Hilda Pocock, jirani yangu ninayepakana naye ukuta. Hakunisimulia kwa kupenda. Nilimkuta anadeki kanisa huku machozi yanamtoka, nikamng'ang'ania mpaka akasema.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa. Kondoo walikuwa wanakula majani juu ya yale matuta ya malishoni, pale palipokuwa na kijiji cha kale kabla tauni haijafagia watu wake wote likabaki kanisa tu. Siku hiyo mjukuu wa Hilda, Maud, mtoto wa miezi mitatu, alikuwa anabatizwa.

Kanisa letu lina mlango mdogo upande wa kaskazini, uliokuwa ukifunguliwa siku za ubatizo tu. Maji yakimgusa mtoto, kile kibaya alichokuja nacho kinatoka nje kupitia pale, ndipo mlango unafungwa. Ufunguo anautunza Hilda, kama mama yake kabla yake. Siku hiyo aliufungua mapema, vizuri tu. Ila upepo ulioingia, jamani!

"Mama, funga huo mlango," binti yake Linnet alimnong'oneza. "Mtoto atapata kichomi."

"Subiri maji kwanza, mwanangu."

"Mambo ya kizee hayo! Hebu mwangalie, midomo imebadilika rangi."

Hilda akamtazama mjukuu wake, huruma ikamwingia moyoni. Akaenda akaufunga. Tuseme ukweli, bibi gani asingeufunga?

Kasisi akamwaga maji. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maud hakulia. Wageni wakatabasamu, wakasema mtoto ana adabu huyu. Kisha mlango wa kaskazini ukagongwa. Mara moja tu. Chini kabisa, chini ya usawa wa goti. Uligongwa kutoka ndani.

Mzee Septimus, mpiga kengele wetu, akamsogelea Hilda, uso umempauka.

"Mlango hukuufungua?"

"Niliufungua. Halafu nikaufunga."

"Kabla ya maji?"

Hilda akautazama ufunguo mkononi mwake. Mzee akachukua kofia yake, akaenda zake bila kuonja keki, na huyo mzee kwa keki sote tunamjua.

Wageni walipoondoka, Hilda akarudi peke yake kufagia. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji. Ndogo. Za miguu mitupu. Zilianzia kwenye birika la ubatizo, zikaenda hadi mlango wa kaskazini, zikazungukazunguka pale. Halafu zikarudi. Zikaenda moja kwa moja hadi benchi la mbele, pale kilipokuwa kimewekwa kikapu cha Maud. Zikaishia hapo.

Hilda alitoka mbio hadi nyumbani kwa Linnet, na magoti yake yale mabovu. Alimkuta Maud amelala chali, macho makavu, anamwangalia. Akamvua soksi za sufu alizomfuma mwenyewe. Nyayo za mtoto zilikuwa za baridi, zimeloa, zimejaa vumbi la sakafu ya kanisa.

Sasa ni miaka saba. Maud hajawahi kulia, hata siku ile alipovunjika mkono. Linnet anamsifia kila mahali kwamba binti yake ni jasiri. Hilda anajua, na anajilaumu mpaka usingizi unamkimbia. Mlango ule haufungi tena. Ameuegemezea jiwe, uko wazi mwaka mzima, lakini kondoo hata mmoja hajathubutu kuingia. Kila Jumapili, watu wakishatawanyika, anasimama pale kubembeleza.

"Toka, tafadhali. Niachie mtoto wangu. Toka."

Jumatatu akija, nyayo zipo. Zimefika kizingitini, zimegeuka, zimerudi.

Juzi nilikwenda kumsaidia kudeki. Mkononi alikuwa na kiatu kipya cha Maud, Linnet amekinunua wiki hii hii. Aliinama, akakiweka taratibu juu ya unyayo mmoja wa maji.

Vililingana sawasawa.