Mbayuwayu wa Bibi Nyanjige

Kila jioni Lukresia alitoka kisimani na ndoo yake, akapita kando ya shamba la Bibi Nyanjige. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na kijiji kizima cha Shishiyu kilikuwa kinang'oa miti ya pamba.

Jioni moja alipunguza mwendo. Mbayuwayu wengi walikuwa wakimzunguka bibi yule, wakiruka chini chini usawa wa magoti. Akisimama, wanatawanyika. Akitembea, wanarudi. Majirani nao walikuwa mashambani, lakini hawakufuatwa na ndege hata mmoja. Midomo ya bibi ilikuwa ikichezacheza.

"Anaongea nao," Lukresia alimnong'oneza rafiki yake Goodness shuleni, ingawa hakuwa amesikia neno.

"Lisemwalo lipo," Goodness akajibu. "Na macho yake yalivyo mekundu, kama ya mchawi!"

Umbea hauhitaji baiskeli. Kufika Ijumaa, watu walisema bibi anawatuma ndege kuloga ng'ombe. Mzee Nyanda, baba yake Lukresia na kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akaitisha mkutano kesho yake. Bibi angeweza kutengwa: asisalimiwe na mtu, asiuziwe hata chumvi.

Lukresia aliposikia hayo, alisukuma kando sahani yake ya ugali. Jioni ile akajikaza, akaingia shambani kwa bibi.

"Mwadila, Bibi."

"Mwadila, mjukuu wangu. Siku hizi salamu zimeadimika. Hebu nivutie mzigo huu, kichwa changu hakibebi tena."

Wengine wote walibeba miti ya pamba kichwani. Bibi aliifunga kamba na kuiburuta kwenye nyasi. Lukresia alishika kamba kwa hofu, akavuta. Hakufika mbali, mbayuwayu wakamzunguka yeye. Alipogeuka, aliona panzi na nondo wakifumuka nyasini kila mzigo ulipopita, na ndege wakiwadaka hewani.

"Na midomo, Bibi? Huwa unasema nini?"

"Nasali. Mgongo unaniuma."

Lukresia aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Asubuhi alisimama mkutanoni. "Baba, maneno haya yalianzia kwangu. Sikumsikia Bibi akiongea na ndege. Nilitunga." Kisha akaburuta mzigo wa miti kwenye nyasi mbele ya wote. Mbayuwayu wakaja, wakawadaka panzi waliofumuka.

Mzee Nyanda alivua kofia, akamwendea Bibi Nyanjige.

"Tusamehe, mayu, mama yetu. Miti yako iliyobaki tutaibeba mimi na huyu binti yangu."

"Ibebeni," bibi alisema. "Lakini mnisalimie pia."

Njiani, kila mmoja na mzigo wake kichwani, Mzee Nyanda alimwambia Lukresia, "Macho yako yaliona ndege tu. Mchawi alitoka mdomoni mwako. Nasi watu wazima tukampokea, wala hatukwenda kutazama. Ukiona usichokielewa, mwanangu, sogea karibu kwanza. Maneno yasubiri."