Samli Kwenye Dirisha la Gari

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Ripuree kila mtu ana kazi yake. Mama yake, Mama Alwine, hukaa barazani akitikisa kibuyu cha mtindi ili apate siagi. Siagi huchemshwa jikoni mpaka iwe samli. Ripuree huwa uani, anaosha gari. Hapa mjini Okakarara, mvua zikiisha, vumbi halina adabu. Gari linaoshwa asubuhi, na jioni limerudia rangi ya barabara.

Jumamosi moja kioo cha mlango wa kushoto kilianza kusumbua. Ni upande anaokaa Mama Alwine. Ripuree alibonyeza swichi, kioo kikapanda polepole huku kikiguna. Kilipofika katikati kikasimama. Akashikilia swichi kwa nguvu, kioo kikazidi kuguna, wala hakikusogea.

"Kimekauka hicho," alisema Mama Alwine. "Kitu kikikauka hupakwa samli. Ngozi, bawaba, chuchu za ng'ombe zilizopasuka. Marehemu baba yako alipaka hata magurudumu ya mkokoteni."

Ripuree hakubisha. Katika nyumba ile, nani angebishana na samli? Alichovya kidole, akapaka mpira ambao kioo hupita ndani yake. Akabonyeza swichi, kioo kikapanda laini. Mama Alwine akajisifu mpaka majirani wakasikia.

Raha hiyo haikudumu. Siku chache baadaye walikwenda malishoni kuangalia ng'ombe. Kwenye barabara ya changarawe lori likawapita. Ripuree akabonyeza swichi haraka, lakini kioo kikakwama nusu. Vumbi lote likaingia ndani.

Mama Alwine ana pumu. Walipofika zahanati kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta, akamkalisha mpaka pumzi zikatulia.

"Mama, kifua chako na vumbi ni paka na panya," alisema muuguzi. "Ukisafiri, vioo vifungwe. La sivyo usisafiri."

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi kijijini kwa Emma, dada mkubwa wa Mama Alwine. Emma alikuwa anamwoza mjukuu wake. Dada hao walikuwa hawajaonana muda mrefu, na miguu ya Emma haikuwa tena ya kusafiri. Mama Alwine alikwisha kushona gauni refu na kilemba chenye pembe mbili kama za ng'ombe. Vilikuwa vimetandazwa kitandani.

"Nenda wewe," alimwambia mwanawe. "Mwambie Emma namsalimu."

Alisema kwa upole. Upole huo ulimuuma Ripuree kuliko kama angetukanwa.

Ripuree akampigia simu Rukee. Rukee ni binamu yake, mtoto wa mjomba, na anafundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi. Baina ya mabinamu utani ni sheria. Ukimwita Rukee, umeyataka mwenyewe.

"Nasikia umefungua kiwanda cha vumbi ndani ya gari," alisema Rukee alipofika, akishuka kwenye gari lake.

"Karibu, binamu. Sura yako kama radieta, lakini leo nakuhitaji."

"Bila radieta gari haliendi, betri mfu wee. Lete ufunguo."

Akawasha gari, akabonyeza swichi kidogo tu. "Unasikia nini?"

"Kinaguna."

"Vizuri. Kuguna ni habari njema. Maana yake umeme unafika na mota inafanya kazi. Kingekuwa kimya kabisa, ningeanza na fyuzi, kisha swichi na nyaya. Mota hii inataka kupandisha kioo, ila kuna kitu kinakibana."

Alipitisha kidole katika mfereji wa mpira. Kikatoka na tope jeusi. Akalinusa.

"Ripuree! Nani amepika humu? Si samli hii?"

Barazani Mama Alwine akakohoa. Hicho hakikuwa kikohozi cha pumu.

"Ni mimi niliyemwambia," alisema.

Rukee akashusha sauti. Binamu anatukanwa, shangazi anaheshimiwa. "Shangazi, samli inafaa kwa mengi. Lakini mafuta hukamata vumbi. Siku ya kwanza kioo kinateleza. Baadaye vumbi na mafuta vinakuwa tope, na tope linabana kioo. Tena mafuta yanaharibu mpira."

"Kumbe nimekipikia kioo ugali wa vumbi," alisema Mama Alwine. Wote wakacheka.

"Na wewe," Rukee alimgeukia Ripuree, "kwa nini ulishikilia swichi?"

"Nilikuwa nakisaidia."

"Ulikuwa unaiua mota. Kioo kikigoma, achia swichi. Ukishikilia, mota inapata moto na kuungua. Haya, kunja mikono ya shati. Mimi naongea, wewe unafanya."

Ripuree alishusha kioo chini kabisa, akazima gari na kutoa ufunguo. Alizungushia kijiti chembamba kitambaa laini, akakichovya kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Akasugua mfereji wa mpira, juu mpaka chini, pande zote mbili. Kitambaa kilitoka cheusi. Akachukua kingine, na kingine tena, mpaka kikatoka safi. Kisha akafuta kwa maji matupu na kuacha mpira ukauke.

Baada ya hapo walifungua ubao wa ndani wa mlango. Mle mlikuwa na reli za chuma zinazoongoza kioo. Grisi yake ilikuwa imeganda. Rukee alimwambia aifute, apake mpya kidogo.

"Kumbe mafuta yanaruhusiwa!" Mama Alwine alidakia.

"Kwenye chuma cha ndani, ndiyo, shangazi. Tena grisi, si samli. Kwenye mpira tunapuliza silikoni, hiki kilainishi cha kopo. Inateleza, na ikikauka hainasi vumbi. Lakini kabla ya kuingiza mkono humu, toa ufunguo. Kioo hakijui kidole."

Walipomaliza, Rukee akawasha gari. "Shangazi, bonyeza wewe."

Mama Alwine akabonyeza. Kioo kikapanda mpaka juu, kimya. Akakishusha, akakipandisha. Akakishusha tena.

"Mama, inatosha," alisema Ripuree.

"Niache. Niliteseka mimi."

Rukee alimnyooshea Ripuree kidole. "Kila ukiosha gari, futa mifereji hiyo kwa kitambaa chenye unyevu. Usingoje kioo kigune."

"Ndiyo, mwalimu."

"Leo hunitukani?"

"Nitakutukana harusini. Leo nashukuru."

Siku ya safari Mama Alwine alikaa mbele na kilemba chake. Barabara ya lami ilipoisha, lori likatokea kwa mbali. Hakungoja kuambiwa. Alibonyeza swichi, kioo kikapanda mpaka juu, na vumbi likapita nje. Ripuree alimsikiliza mama yake akipumua. Hakukuwa na filimbi. Moyo wake ukatulia.

Emma ana desturi yake. Mgeni akishuka garini, humpokea na kitambaa, akampangusa vumbi kabla ya salamu. Alikuja taratibu, fimbo mkono huu, kitambaa mkono ule.

"Simama, nikupanguse."

Akapiga bega la mdogo wake, hakuna kitu. Akapiga mgongo, hakuna kitu. Akatazama kilemba, kisha akainamisha sikio kwenye kifua.

"Filimbi yako iko wapi?"

"Tumeiacha Okakarara," alisema Mama Alwine, akimpa kopo la samli. "Hii ni ya bibi harusi. Ya ngozi, si ya gari."

Emma hakuelewa, lakini alicheka. Kisha akamkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu. Alipomwachia, kitambaa kile kikapata kazi: alijifutia machozi.